Waliogongwa na baiskeli nje ya barabara nao wahesabiwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wasimamizi wa masoko, wakuu wa shule, mameneja wa mashamba na wenyeviti wa mitaa kuhusu jambo ambalo sisi tunaofanya kazi katika vituo vya afya tunalipokea mlangoni mara kwa mara, lakini ambalo sijawahi kulisikia likisomwa katika taarifa ya kikao chochote. Nazungumzia watembea kwa miguu wanaoumizwa na baiskeli mahali ambapo si barabara: mama anayegongwa kwenye ujia wa soko, mwanafunzi anayegongwa ndani ya uzio wa shule, mzee anayeangushwa kichochoroni akitoka kuswali alfajiri, kibarua wa mkonge anayekumbwa kwenye njia ya shambani na mwenzake anayewahi zamu.

Mimi ni tabibu, na ninaandika kutoka Tanga, mji ambao huwezi kuuwazia bila baiskeli. Ardhi yake ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka na kupewa namba, na kwa miaka mingi baiskeli imewabeba watoto kwenda shule, mikate kwenda madukani, samaki kutoka pwani na madafu kutoka mashambani. Umoja wa Mataifa uliipa baiskeli siku yake, tarehe 3 Juni, kuanzia mwaka 2018, na mimi naona ilistahili. Barua hii basi isisomwe kama shtaka dhidi ya waendesha baiskeli, ambao wengi wao ni watu wa kipato kidogo wanaotafuta riziki kwa nguvu za miguu yao. Shtaka langu, kama ni lazima liitwe hivyo, ni dhidi ya mazoea yetu ya kudhani kwamba ajali ikitokea nje ya lami haina mwenyewe.

Tuanze na kuhesabu, kwa sababu hapo ndipo jambo hili linapopotelea. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023 kuhusu usalama barabarani, lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na kwamba kati ya kila vifo 100, karibu 21 ni vya watembea kwa miguu na 5 ni vya waendesha baiskeli. Hizo ni takwimu za barabarani, na ndivyo zilivyokusudiwa kuwa. Yaliyotokea sokoni, shuleni au shambani hayamo. Hata hivyo shirika hilohilo liliyatengea mahali pake zamani sana. Katika toleo la 10 la uainishaji wake wa magonjwa, lililoidhinishwa mwaka 1990, mtembea kwa miguu aliyegongana na baiskeli amepewa alama V01, kisha alama hiyo ikagawanywa: V01.0 kwa tukio la nje ya barabara ya umma, V01.1 kwa tukio la barabarani, na V01.9 pale ambapo haikuelezwa ni wapi. Kwa hiyo chumba cha kuyahifadhia matukio haya kipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza swali moja la ziada wakati mgonjwa amekaa mbele yake.

Nami najua kwa nini swali hilo haliulizwi. Mgonjwa anafika ameshika mkono uliovimba, foleni imefika nje, na akiulizwa amepatwa na nini anajibu, «Nimeanguka.» Hadanganyi, kwa maana ni kweli alianguka, ila alianguka kwa sababu usukani ulimpiga ubavuni. Muuguzi anaandika kwenye rejesta kwamba ni kuanguka, au anaandika jeraha tu, na kuanzia hapo tukio halimhusu tena mtu yeyote isipokuwa aliyeumia. Polisi hawana habari nalo kwa sababu hakuna aliyekwenda kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Ofisi ya soko haina habari nalo kwa sababu haina daftari la kuandikia. Mwisho wa mwaka, halmashauri ikipanga fedha za kuboresha masoko, itazungumza juu ya mapaa, vyoo na taka, mambo ambayo yote ni ya lazima, na hakuna atakayesema kwamba ule ujia wa katikati umeshavunja mikono ya watu wangapi.

Wapo wanaoniambia kwamba baiskeli ni chombo chepesi na haiwezi kumdhuru mtu sana. Naomba wapige hesabu pamoja nami. Baiskeli ya mzigo yenyewe ina uzito wa kilo 20 hivi. Mwendeshaji tumpe kilo 65. Akifunga madumu 6 ya lita 20 yaliyojaa maji, hizo ni kilo 120 nyingine, na jumla inapita kilo 200. Mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ambao kwa kijana mwenye nguvu ni wa kawaida, ni zaidi kidogo ya mita 4 kila sekunde. Binadamu huhitaji takribani sekunde moja hadi moja na nusu kuona hatari, kuitambua na kuibana breki. Maana yake baiskeli imeshakula mita 4 hadi 6 kabla breki haijaanza kazi. Sasa nenda ukasimame kwenye kona ya kichochoro chochote cha uswahilini, penye ukuta huku na ukuta kule, upime unaweza kumwona mtu akiwa umbali gani. Mara nyingi hazifiki mita 3.

Na hapo nimedhani breki zipo. Baiskeli nyingi zinazobeba mizigo zinatembea na raba za breki zilizokwisha, nyingine zimebaki na breki ya tairi moja, na nyingine mwendeshaji anazisimamisha kwa kukandamiza kandambili kwenye tairi. Wakati wa masika, rimu ya chuma ikilowa, hata breki nzima hushika kwa kuchelewa. Kengele ndiyo ya kwanza kung'oka na ya mwisho kununuliwa, hivyo mwendeshaji hupiga kelele: «Njia! Njia!» au «Pembeni!» akiwa ameshafika mgongoni kwa mtu. Aliyeshtuliwa hivyo hana muda wa kujua chombo kinatoka kulia au kushoto. Huruka upande wowote, na mara nyingi huruka upande uleule ambao mwendeshaji alikuwa ameuchagua kumkwepa. Ikumbukwe pia kwamba pikipiki tunaisikia tangu mbali, lakini baiskeli haina mlio. Mama mwenye ndoo kichwani hawezi kugeuza shingo. Mzee ambaye masikio yameanza kuchoka hasikii mnyororo. Mtoto anayecheza hasikilizi kitu.

Halafu kuna mizigo yenyewe. Nimeshona majeraha ya kingo za mabati yaliyofungwa kwenye keria yakiwa yametokeza pande zote mbili, na nimeona paja lililochanwa na nondo iliyokuwa ikiburuzwa nyuma, mwenye baiskeli akiwa ameshapita na hana habari kwamba ameacha mtu chini. Tenga la samaki lenye waya uliochomoza linaweza kumchana mtu sawasawa na kisu. Katika njia yenye upana wa hatua mbili, mzigo uliotokeza sentimita 40 kila upande umeshaichukua njia nzima.

Niseme sasa juu ya majeraha, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapopoteza ndugu zao kwa kudhani jambo ni dogo.

Mtu mzima anapoangushwa hutanguliza kiganja, na mfupa unaovunjika mara nyingi ni ule wa juu kidogo ya kifundo cha mkono. Mkono huvimba na kupinda, na akiletwa mapema huvutwa, hunyooshwa na kufungwa plasta ngumu (POP). Tatizo ni kwamba wengi hawaletwi mapema. Huchuliwa kwanza kwa mafuta ya moto nyumbani, siku moja, siku tatu, wiki, na mfupa uliopishana unaanza kuunga ukiwa umepinda. Kwa mwanamke anayeishi kwa kukuna nazi, kufua na kukanda maandazi ya kuuza, mkono usiogeuka vizuri ni umaskini wa kudumu. Naomba sana: mkono au mguu uliovimba baada ya kugongwa usichuliwe. Ufungwe kwa ubao au kadibodi ngumu usitikisike, na mgonjwa apelekwe mahali penye eksirei.

Wazee, na hasa wanawake ambao hedhi imeshakoma kwa miaka mingi, mifupa yao imepungua uimara, na pigo ambalo kijana angeliamkia na kujipangusa vumbi huvunja nyonga. Dalili yake haihitaji mtaalamu: hawezi kusimama, mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umelalia nje. Huyu huhitaji upasuaji, na asipoupata hulazwa kwa majuma, na kitanda kile ndicho kinachomletea vidonda vya mgandamizo, homa ya mapafu na damu kuganda kwenye mishipa. Namkumbuka bibi mmoja aliyeangushwa hatua chache kutoka mlangoni kwake na kijana aliyekuwa akipeleka mikate. Alikuwa akiwalea wajukuu watatu. Alirudi nyumbani akiwa analelewa na wale wajukuu, na mkubwa wao aliacha kwenda shule ili abaki naye mchana. Hakuna rejesta inayoandika kwamba mtoto yule naye aliumizwa na baiskeli ileile.

Kwa watoto, hofu yangu kubwa ni tumbo. Ncha ya usukani iko kwenye kimo cha tumbo na kifua cha mtoto wa shule ya msingi, na baiskeli nyingi zimepoteza ile raba ya kushikia, limebaki bomba tupu la chuma. Ncha hiyo ikimgonga mtoto chini ya mbavu inaweza kupasua bandama au ini, na juu ya ngozi usione zaidi ya duara dogo jekundu. Mtoto atalia, atanyamaza, atarudi kucheza, kisha baada ya saa kadhaa ataanza kuwa mweupe kwenye midomo, atataka maji kila mara, moyo utakwenda mbio, atalalamika maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto. Damu inavujia ndani. Mwalimu au mzazi anayeona hayo asisubiri asubuhi. Mtoto apelekwe hospitali yenye kipimo cha altrasaundi na daktari wa upasuaji, na asilishwe kitu njiani.

Kichwa nacho kina namna yake ya kudanganya. Mzee aliyegonga kisogo kwenye baraza anaweza kukaa wiki mbili au tatu akiwa mzima, kisha akaanza kusahau, kulala kupita kiasi, kulegea mkono mmoja, na ndugu wakasema ni uzee. Damu huvuja polepole sana kati ya ubongo na utando wake, na mara nyingi hutibika ikigunduliwa. Nani atakayeigundua, kama tukio lenyewe lilimalizwa kichochoroni kwa «pole mzee» na halikuandikwa popote? Kuhusu michubuko iliyoingia udongo, nitasema neno moja tu: chanjo ya pepopunda.

Nimesema tukio lilimalizwa. Huko kumalizana ndiko kunakoficha ajali hizi kuliko kitu kingine chochote. Kijana anaomba msamaha, anatoa shilingi elfu chache za dawa, waliosimama wanasema yameisha, na kila mmoja anashika njia yake. Sipingi watu kusameheana. Ni tabia njema na imetufaa. Ninachosema ni kwamba pesa ya panadoli hutolewa kabla ya mtu yeyote kujua kilichovunjika, na jeraha likikomaa siku ya tatu aliyegonga hajulikani aliko. Gari linapomgonga mtu ipo bima ya lazima kwa ajili ya mtu huyo. Baiskeli haina, na mimi sipendekezi mchuuzi wa madafu akatiwe bima asiyoweza kuilipia. Lakini sheria haijanyamaza kabisa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, mbali na kumtaja anayeendesha chombo kwa uzembe kwenye njia ya umma, inagusa pia vitendo vingine vya uzembe vinavyomdhuru mtu. Na kwa kibarua aliyegongwa akiwa kazini, uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, ambao hauulizi kama chombo kilichomuumiza kilikuwa trekta au baiskeli. Msimamizi wa shamba anayemwambia mfanyakazi wake «si ajali ya kazi, ni baiskeli tu» anamnyima haki yake.

Nani basi awajibike? Barabarani tumezoea kutazama polisi wa usalama barabarani na wakala wa barabara. Nje ya barabara, jibu langu ni mwenye eneo. Soko lina uongozi, shule ina mkuu na kamati, hospitali ina mganga mfawidhi, shamba lina meneja, na kichochoro kiko ndani ya mtaa wenye mwenyekiti na kata yenye mtendaji. Tangu mwaka 1982 sheria za serikali za mitaa zimezipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, na uwezo huo tunauona ukitumika vizuri kwenye ushuru na usafi.

Hatua moja naiweka mbele ya nyingine zote: ndani ya soko, ndani ya uzio wa shule na ndani ya hospitali, mwendeshaji ashuke na kuisukuma baiskeli. Sababu ni ya kihesabu. Nguvu ya pigo hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo chombo kilichoshuka kutoka kilomita 15 hadi kilomita 5 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea, kinabaki na sehemu moja tu kati ya tisa ya nguvu yake ya awali, na mzigo ni uleule na riziki ni ileile. Anachopoteza mwenye baiskeli ni dakika chache. Lakini kibao peke yake hakimshushi mtu. Vinahitajika vigingi viwili vinavyopishana mlangoni, vinavyomlazimu aliyepanda kushuka, vikiwa vimeachana vya kutosha kupitisha kiti cha magurudumu na mama mwenye ndoo; na panahitajika mahali pa kuegesha penye kivuli na mlinzi, kwa maana watu wengi hupita na baiskeli katikati ya umati kwa kuogopa kuibiwa wakiiacha nje. Ukimwondolea mtu hofu ya kuibiwa, nusu ya ugomvi umekwisha.

Masoko yanaweza pia kutenga muda wa kushusha mizigo, alfajiri kabla wanunuzi hawajajaa. Shule zinaweza kuwaachia watembea kwa miguu watoke kwanza na wenye baiskeli wafuate. Mafundi baiskeli, ambao wako karibu kila mtaa na wanajua kuliko mtu yeyote chombo gani hakina breki, wanaweza kushirikishwa na serikali ya mtaa kukagua na kubadilisha raba za breki kwa bei ya jumla. Ni kifaa cha bei ndogo mno ukilinganisha na gharama ya kitanda kimoja cha wodi ya mifupa. Na mizigo inayotokeza ifungwe kitambaa chekundu kwenye ncha zake au ibebwe kwa mkokoteni.

Kwa wenzangu wa afya ombi langu ni dogo. Mgonjwa akisema ameanguka, tumuulize ameangushwa na nini, na ilikuwa wapi. Tuandike maneno mawili pembeni ya rejesta: «baiskeli, sokoni», au «baiskeli, shuleni». Mwisho wa mwezi mtu mmoja ayahesabu na kuyapeleka kwa mtendaji wa kata. Nao wasimamizi wa masoko na wakuu wa shule wawe na daftari la kawaida, lenye tarehe, saa, mahali palipotokea na aliyeumia alipelekwa wapi, bila kuweka jina la aliyegonga, ili mtu asiogope kutoa taarifa. Baada ya miezi michache tu daftari hilo litaonyesha kona ile ile ikijirudia, na kona inayojulikana inaweza kuwekewa taa, kupunguziwa kibanda kilichoziba macho, au kupigiwa kigingi.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na makadirio ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Nawaomba madiwani wa Tanga, na wa miji mingine inayoishi kwa baiskeli kama Shinyanga, waziombe kata zao hesabu hizi kabla ya vikao hivyo, na gharama ya vigingi, sehemu za kuegesha na taa za vichochoro iandikwe kwenye bajeti kwa fungu lake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Tabibu,
Tanga